Ndoa bomani, harusi ufukweni: nani asimame mbele?

"Shikamoo shangazi. Tumekaa na mwenzangu, tumekubaliana wewe ndiye utakayetufungisha ndoa. Watu 30 tu, ufukweni, hatutaki kamati wala kadi za michango."

Simu hiyo ilinikuta Kibosho, nimesimama kando ya mfereji nikigeuza maji yaingie kwenye migomba. Nilikaa chini palepale. Mpwa wangu nimemlea mimi tangu darasa la 3, na kuambiwa maneno yale ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilipopata sauti nikamwambia ukweli: kuwafungisha ndoa siwezi, mwanangu. Kuwaongozea harusi naweza, na nitafanya kwa moyo wangu wote.

Alidhani nacheza na maneno, kumbe Kiswahili chenyewe kimevitenga vitu hivi viwili. Ndoa hufungwa, harusi hufanywa. Ndoa ina mfungishaji, mashahidi na cheti. Harusi ina ndugu, chakula, vigelegele na mtu wa kuwasemea wengine. Familia nyingi za Moshi na Arusha zinazotaka shughuli ndogo kando ya maji huchanganya viwili hivi tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo fujo inapoanzia.

Tangu simu ile nimeongoza harusi tatu za namna hiyo: mbili Pangani, pwani ya Tanga, moja Ziwa Duluti, karibu na Arusha. Kila mara swali limekuwa moja. Tumwite mchungaji au padre aje ufukweni? Twende kwanza bomani, yaani kwa Mkuu wa Wilaya, kisha mzee wa familia aongoze? Au tufunge kanisani huku nyumbani, bahari iwe ya kusherehekea tu? Nitazilinganisha njia hizi kama nilivyoziona, na ninayoipenda nitaisema wazi.

Sheria inataka nini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina mambo mengi kwa watu wa kawaida. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla, kwa msajili wa ndoa au kwa kiongozi wa dini mwenye leseni. Taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku yenyewe anayefungisha awe msajili au kiongozi wa dini aliyepewa leseni, na mashahidi wasipungue 2. Leseni hizo hutolewa na RITA, ile Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na huko huko ndiko kumbukumbu za ndoa zinakotunzwa.

Shangazi hana leseni hiyo. Mwalimu mstaafu hana. Mjomba aliye mzee wa kanisa hana, hata kama ndiye anayeongoza sala ya jumuiya kila wiki na sauti yake inatetemesha madirisha.

Wapo wanaoniambia, "Lakini ndoa ya kimila si inatambulika?" Inatambulika, na sheria inataka isajiliwe ndani ya siku 30. Ila kusimama mchangani na shangazi si mila ya Wachagga, wala ya Wameru. Mila ina hatua zake: mshenga, posa, mahari, wazee wa pande zote mbili wakae, na kila upande useme umeridhika. Ikiwa hayo yote mmeyafanya, hamkuhitaji bahari. Na ikiwa hamkuyafanya, bahari haitawafanyia.

Kumleta mtumishi wa Mungu ufukweni

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kitu kinaisha siku moja, mahali pamoja. Kiapo, pete, sahihi, chakula. Hakuna anayebaki akijiuliza walioana lini hasa.

Ugumu wake unategemea dini, na niseme mapema kwamba kwa Waislamu njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Nikaha haina haja ya jengo. Awepo walii, yaani msimamizi wa bi harusi, mashahidi wawili, mahari itajwe, pawe na ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, na sheikh awe na leseni ya kufungisha. Mkeka ukitandikwa chini ya mnazi inatosha. Kama familia yenu ni ya Kiislamu, ruka hadi sehemu ya "Duluti au Pangani?", yenye habari za maji na upepo, maana mtumishi wenu si tatizo.

Kwa Wakatoliki ni kinyume kabisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1118, inataka ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia, na ni askofu anayeweza kuruhusu mahali pengine panapofaa. Ufukwe si mahali ambapo maparoko ninaowafahamu wanapaombea ruhusa kwa furaha. Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: mamlaka ya paroko yana mipaka ya eneo. Pangani iko Jimbo la Tanga. Padre wenu wa Moshi, hata awe amewabatiza nyote wawili, hawezi kushuka kwenye Kosta na kufungisha ndoa kule bila kukabidhiwa ruhusa na wenye eneo lao. Usipolijua hilo mapema, utamweka padre kwenye aibu asiyostahili.

Kwa Walutheri mambo ni laini kidogo, lakini adabu ni ileile. Sisi huku tuko Dayosisi ya Kaskazini, Arusha mjini ni Kaskazini Kati, na Pangani ni Kaskazini Mashariki. Mchungaji wako anaingia shamba la mwenzake, na lazima ahodishe. Matangazo matatu ya Jumapili yapo palepale. Kwaresima sahau. Na Desemba, wakati Wachagga wote wamerudi nyumbani na kila usharika una foleni ya harusi, kumtoa mchungaji Moshi siku mbili nzima ni kuwanyima wengine.

Binafsi, njia hii naiona inafaa pale tu mtumishi mwenyewe ni ndugu au rafiki wa familia na ana moyo wa kuja. Mtumishi aliyevutwa kwa maombi ya watu wanane ataonekana usoni.

Bomani kwanza, kisha mzee wa familia

Hii ndiyo tuliyoifuata kwa mpwa wangu, na sababu yake wengi wa Moshi wataielewa. Yeye ni Mlutheri wa KKKT, binti ni Mkatoliki, na nyumba zote mbili zilikuwa zimekaza kamba mwaka mzima. Ndoa ya bomani haikumaliza swali la kanisa, lakini iliwaondoa vijana katikati ya kamba. Kwa Mkristo anayeoana na Mwislamu pia, mlango huu ndio ulio wazi bila mmoja kulazimika kubadili dini.

Utaratibu ni mfupi. Mnakwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mnatoa taarifa mkiwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na picha. Aliyewahi kuoa au kuolewa apeleke hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenza. Siku 21 zikipita bila pingamizi, mnarudi na mashahidi wenu. Mwenye haraka ya kweli huomba leseni maalumu RITA, lakini harusi ya watu 30 haina haraka hiyo. Panga mapema.

Siku yetu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Chumba kidogo, benchi, picha ya Rais ukutani, feni haizunguki. Binti alivaa gauni la kitenge. Msajili, mama mtulivu mwenye miwani shingoni, alimuuliza mpwa wangu kama ndoa hii ni ya mke mmoja au ya wake zaidi, maana hilo huandikwa. Akajibu "Mmoja!" kwa nguvu hadi karani wa chumba cha pili akacheka. Wakala kiapo, wakaweka sahihi, mimi na kaka wa binti tukaweka za kwetu. Dakika 20. Nilipotoka nje kwenye jua nilisikia magoti yamelegea, kwa sababu jambo lilikuwa limeshakuwa. Usidharau dakika hizo. Wapelekeni watu wachache wanaowapenda, mnunue maua, mkanywe chai pamoja baadaye.

Halafu Jumamosi tukawa Pangani, na mimi nikasimama mbele.

Faida kubwa ya njia hii ni uhuru. Mzee anayewajua anasema mambo ambayo mchungaji wa kukodi hawezi kuyasema. Hakuna anayetazama saa. Mvua ikinyesha Jumamosi, ndoa iko salama kwenye faili tangu Alhamisi. Hilo la mwisho lilinipa usingizi.

Hasara yake lazima isemwe bila kuzunguka. Mkatoliki akiishia bomani, kwa Kanisa lake hajafunga ndoa, na hatapokea Komunyo mpaka aifunge kanisani. Kwa Walutheri pia kuna hatua ya kwenda kubariki ndoa. Mama mzazi anayehudhuria misa ya alfajiri kila siku ataumia, na kumwambia "siku hizi mambo yamebadilika" ni kumkosea. Mketi naye kabla, si baada.

Kanisani nyumbani, bahari baadaye

Hapa sina mengi. Mnafunga ndoa parokiani au usharikani kwenu, siku ya katikati ya wiki, ibada ya kawaida, mashahidi wawili na wazazi. Mwisho wa wiki mnakwenda kwenye maji, mzee anawaongoza katika shukrani na baraka. Familia yenye imani iliyo hai ifanye hivi, isihangaike na nyingine. Gharama inaongezeka kidogo, amani inaongezeka sana.

Duluti au Pangani?

Moshi na Arusha hazina bahari, kwa hiyo "ufukweni" lazima uamue ni upi.

Ziwa Duluti liko Tengeru, kama kilomita 15 kutoka Arusha mjini kwenye barabara ya Moshi. Ni ziwa la kreta ndani ya msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio na unaomba ruhusa ya shughuli kabla ya siku, si getini ukiwa na sufuria. Mchanga hakuna. Kuna mizizi, majani na udongo mweusi unaoganda kwenye viatu vyeupe. Lakini msitu unakinga upepo, maji yametulia, na nilisema kwa sauti ya darasani tu, kila mtu akasikia bila spika. Mlima Meru ulijitokeza kwenye wingu kwa dakika chache wakati wa sala. Bibi wa miaka 87 alitoka nyumbani saa nne, akarudi kulala kitandani kwake. Chakula fungeni vizuri, tumbili wa pale hawangoji kukaribishwa.

Ziwa Chala, kule Rombo, ni zuri hadi linaumiza macho. Ila kushuka kwenye maji ni mteremko mkali wa mawe. Kama mna wazee, simameni juu ukingoni au msiende.

Pangani ni kitu kingine. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, kutoka Arusha ongeza 80, kisha bado unashuka Pangani. Ni siku nzima ya Kosta: Same, Mombo, Korogwe, watoto wanatapika, wazee wanavimba miguu. Unalala huko usiku mbili. Kwa bei hiyo unapata bahari yenyewe, na kwa mtu aliyezaliwa chini ya mlima, kuiona Bahari ya Hindi ikiwa nyuma ya mwanao si jambo la kulipima kwa mafuta ya gari.

Lakini bahari ina ratiba yake, na hili ndilo ninaloomba ulisome mara mbili.

Harusi yetu ya pili ya Pangani, bi harusi alichagua tarehe ya mwezi mpevu, usiku uwe na mwanga. Saa tukapanga kumi alasiri, jua limepoa. Asubuhi tulipokagua, ufukwe ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Tukapanga viti. Saa tisa na nusu maji yalikuwa yanalamba miguu ya mstari wa mbele. Saa kumi kasorobo wajukuu wanne wakambeba bibi na kiti chake, sote tukakimbilia chini ya minazi, na nguo ya bi harusi ikalowa hadi magotini. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu wake pale akatuambia kwa upole kwamba leo bamvua, kila mtu Pangani anajua.

Alinifundisha, nami nakufundisha. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana, na tofauti hupita mita 3. Siku hizo, pwani yetu, maji hufika kileleni karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Sisi tulikuwa tumechagua saa ileile. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, bahari haina fujo, na saa kumi alasiri huwa imekupwa. Kila siku kujaa huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kuchapa mualiko, kisha mpigie simu mtu wa pale akuthibitishie.

Jambo la jua nalo. Picha za harusi za ufukweni huonyesha jua likizama majini. Pangani bahari iko mashariki, jua huzama nyuma yenu, kwenye minazi. Mkilitaka jua juu ya maji, fungeni saa kumi na mbili asubuhi. Tulifikiri habari hiyo, na kama ningekuwa na wazee wachache zaidi ningeichagua. Alasiri, wageni wakiitazama bahari jua liko migongoni mwao, na hilo ni jema kwao. Ni wewe unayewatazama wao ndiye linakuchoma macho.

Na upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi ni kusi, Desemba hadi Machi ni kaskazi, na alasiri upepo wowote una nguvu kuliko sauti ya mtu. Harusi ya kwanza nilisema maneno mazuri niliyoyaandika wiki mbili, na mstari wa tatu haukusikia hata moja. Usipange mistari. Waweke watu nusu duara, wasogee hadi waguse mabega. Spika iwe ya betri, maiki ivalishwe sponji. Chini ya miguu ya viti weka ubao au mkeka, maana kiti cha plastiki huzama mchangani na kumwangusha mtu mzima.

Ukiwa wewe ndiye unayesimama

Usiseme "kwa mamlaka niliyopewa", kwa sababu hujapewa. Mimi huanza hivi: "Ndugu zangu, hawa ni mume na mke tangu Alhamisi, na cheti ninacho hapa. Leo tumekuja kuwapokea." Watu hutulia, wazee hupumua. Hakuna tena anayejiuliza kama hii ni ndoa ya kweli.

Gawana kazi na upande wa pili. Kama wewe ni shangazi wa bwana harusi, sala ya kufungua iwe ya upande wa binti, na baraka za mwisho watoe wazazi wote wanne wakiwa wamesimama. Kwetu Uchaggani mzee akitaka kushika jani la isale mwache ashike; ni jani la amani na la kuombana msamaha, na kwa nyumba mbili zilizovutana mwaka mzima liliwafaa kuliko hotuba. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iletwe baada ya hapo, si kabla, la sivyo macho ya watoto hayatakuwa kwako.

Sema mfupi. Shughuli yote iwe dakika 20, na katika hizo maneno yako yasizidi dakika 7. Tafuta kitu kimoja cha kweli kuhusu mahali mlipo. Kwa mpwa wangu niliwaonyesha mdomo wa mto. Mto Pangani huanzia kwetu: maji ya Meru na ya Kilimanjaro huteremka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yakakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yakashuka pembeni mwa Milima ya Pare na Usambara hadi kumwagika hapo. Nikasema maji ninayoyageuza kwenye migomba yangu, yanayobaki hupita hapa. Kaka yangu, baba wa bwana harusi, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani kwa mama, alivua kofia akaufuata mto kwa macho, na mabega yakamtikisika.

Kisha pete. Mchanga humeza pete, na watoto wa umri wa kubeba mto wa pete huchoka. Dada yangu alizifunga kwenye pindo la khanga yake, kama alivyofunga nauli ya soko miaka yote. Ila khanga ilikuwa imelowa maji ya chumvi na fundo likakaza. Akajaribu kwa kucha, likakataa. Akajaribu kwa meno. Watu 30 kimya, mawimbi tu, mama wa binti akasogea akashika upande wa pili wa pindo, wale wawili ambao walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu Pasaka, wakavutana taratibu mpaka likaachia.

Nilikuwa na maneno ya kusema pale, nimeyaandika. Sikuyasoma.